Zaburi zote 150: nyenzo za kuzisoma na kuziimba, na yale zinayoyaacha nje

Mwombe Mkristo wa kawaida wa Dodoma, Kisumu au Bukavu akutajie zaburi anazozijua kwa moyo. Ataanza na ya 23, ataongeza ya 121 na ya 91, akikumbuka Kwaresima atataja ya 51, na kama ni mwanakwaya hataisahau ya 150. Baada ya hapo orodha huanza kukauka. Zaburi ziko 150, na nyingi kati ya hizo humpita muumini maisha yake yote bila kutamkwa na kinywa chake.

Si kwamba nyenzo zimekosekana. Biblia za Kiswahili zipo za aina kadhaa, na nyingine zinasomwa na kusikilizwa bure kwenye simu. Vitabu vya nyimbo vimejaa makanisani. Ufafanuzi wa Zaburi umeandikwa tangu enzi za mababa wa Kanisa waliozaliwa katika bara hili. Tatizo ni kwamba kila nyenzo, iwe tafsiri, tuni, ratiba ya masomo au programu ya simu, hupunguza kitu ili iweze kutumika. Kwa hiyo anayetaka kuzijua Zaburi hana budi kukiuliza kila anachokishika mkononi: umeacha nini?

Kitabu chenyewe

Nyenzo ya kwanza ni kitabu chenyewe, nacho ndicho kinachochunguzwa kidogo kuliko vyote. Zaburi zimegawanywa katika vitabu vitano: 1 hadi 41, 42 hadi 72, 73 hadi 89, 90 hadi 106, na 107 hadi 150. Vinne vya kwanza vinafungwa kwa maneno mafupi ya sifa, na cha tano kinafungwa kwa zaburi nzima za sifa. Hakuna anayepanga hivyo kwa bahati nasibu.

Juu ya zaburi nyingi kuna maandishi madogo ambayo wasomaji huyaruka. Katika Kiebrania, zaburi 73 zimeandikiwa jina la Daudi, 12 la Asafu, nyingine la wana wa Kora, mbili la Sulemani na moja, ya 90, la Musa. Yapo pia maagizo kwa kiongozi wa waimbaji, vyombo vya muziki, na majina ya tuni ambazo zimepotea zamani. Kundi la 120 hadi 134, zaburi 15, lina kichwa kimoja cha nyimbo za kupanda, nazo kwa kawaida huhusishwa na safari ya mahujaji kwenda Yerusalemu.

Ukichunguza zaidi utaona kwamba waliokusanya kitabu hiki hawakuogopa kutumia wimbo wa zamani kwa haja mpya. Zaburi ya 14 na ya 53 zinakaribia kuwa kitu kimoja. Ya 108 imeungwa kutoka vipande vya 57 na 60. Ya 42 na ya 43 zina kiitikio kile kile kinachorudi mara tatu, ishara kwamba zilikuwa wimbo mmoja. Hati-kunjo ya Zaburi iliyopatikana mwaka 1956 katika pango la 11 la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, ina mpangilio tofauti kwenye sehemu ya mwisho na tungo za ziada, mojawapo ikiwa ile ya 151 ambayo Waorthodoksi wa Ethiopia wameihifadhi katika Biblia yao. Zaburi zilikuwa mali ya ibada kabla ya kuwa mali ya maktaba. Mishna ya Wayahudi inaeleza kwamba Walawi hekaluni walikuwa na zaburi ya kila siku ya juma, kuanzia ya 24 Jumapili hadi ya 92 siku ya Sabato. Za 113 hadi 118 huimbwa wakati wa Pasaka ya Kiyahudi mpaka leo.

Jambo moja huwasumbua walimu wa kwaya, nalo ni hesabu. Biblia ya kale ya Kigiriki, na ya Kilatini iliyoifuata, iliunganisha ya 9 na ya 10, ndiyo maana ya 51 huitwa ya 50 katika nota za zamani za Kilatini. Aya nazo hutofautiana, kwa sababu Kiebrania huhesabu kichwa cha zaburi kuwa aya. Ukikuta misale inataja aya ya 8 na Biblia yako ina maneno hayo kwenye aya ya 7, hakuna aliyekosea.

Tafsiri

Kiswahili kilipata Zaburi mapema. Edward Steere, aliyekuwa askofu wa misheni ya Kianglikana Zanzibar kuanzia 1874 hadi kifo chake mwaka 1882, alitafsiri Agano Jipya na sehemu kubwa ya kitabu cha sala, na ibada ya Kianglikana haiendi bila zaburi. Baadaye kukawa na Biblia ya Kiunguja na ya Kimvita, mpaka wamisheni walipokubaliana juu ya tafsiri moja, Union Version, iliyokamilika mwaka 1952. Biblia ya Habari Njema ilifuata miaka ya 1990.

Hizi mbili zinapunguza vitu tofauti. Union inashikilia umbo la mstari wa Kiebrania, lakini ina maneno ambayo kijana wa leo atayauliza maana. Habari Njema inaeleweka mara moja, lakini mara nyingi picha hugeuzwa kuwa maelezo na mapigo ya mstari hupungua. Kwa kuimba na kukariri, Union ina nguvu. Kwa kuelewa kinachosemwa, anza na Habari Njema. Zisome sambamba, zaburi moja kwa wakati.

Umbo hilo la mstari si pambo. Mwaka 1753 Robert Lowth wa Oxford alichapisha mihadhara yake juu ya ushairi wa Waebrania, akaeleza kwamba uti wake wa mgongo ni usambamba: nusu ya pili ya mstari huitika nusu ya kwanza, ama kwa kurudia wazo kwa maneno mengine, ama kwa kulipinga, ama kwa kulisogeza mbele. Aliyezoea ukwapi na utao hatashangaa, kwa kuwa mshororo wa shairi letu nao una nusu mbili zinazotazamana. Tofauti ni kwamba sisi tunaziunganisha kwa mizani na vina, nao kwa mawazo. Ndiyo sababu ushairi huo unavuka lugha: vina hufa katika tafsiri, wazo hubaki.

Kinachokufa ni mpangilio wa herufi. Zaburi ya 119 ina beti 22, moja kwa kila herufi ya Kiebrania, na kila ubeti una aya 8 zinazoanza na herufi hiyo, jumla aya 176. Hakuna tafsiri inayoweza kuonyesha hilo vizuri. Hata hivyo msomaji wa pwani ana pa kulinganishia: washairi wa kale wa Lamu walitunga kwa kufuata herufi za Kiarabu, na Dura Mandhuma ni mfano unaojulikana. Urefu wa 119, ambao wengi huuona kama kurudia-rudia, ni ufundi wa mtunzi aliyejifunga kwa herufi 22 na akatimiza.

Wafafanuzi

Ufafanuzi mkongwe na mkubwa wa Zaburi ulitoka Afrika. Atanasi wa Aleksandria, katika karne ya 4, alimwandikia Marselino barua inayoeleza zaburi ya kusali katika kila hali, iwe hofu, toba, shukrani au mateso. Augustino wa Hippo, mji uliokuwa katika nchi inayoitwa leo Algeria, alifafanua zote 150, na kazi hiyo ndiyo ndefu kuliko zote alizoandika. Barua ya Atanasi inafaa kuwa mlango wa mwanzo, kwa kuwa ni fupi na inamwongoza msomaji kwa haja yake. Upungufu wa wote wawili ni kwamba huharakisha kumwona Kristo kila mahali, hata Mwisraeli aliyelia mwanzo husahauliwa.

Watafiti wa karne ya 20 walivutia upande wa pili. Mjerumani Hermann Gunkel, aliyefariki 1932, alizipanga zaburi kwa aina: nyimbo za sifa, maombolezo ya taifa, maombolezo ya mtu mmoja, shukrani, zaburi za kifalme, na nyingine. Mnorwe Sigmund Mowinckel akazirudisha hekaluni, katika sikukuu na maandamano. Mmarekani Walter Brueggemann, katika kitabu chake cha 1984, akazipanga kwa safari ya nafsi: utulivu, kuvurugika, na utulivu mpya.

Mpangilio wa Gunkel una faida ambayo mtu anaweza kuijaribu leo. Chukua Zaburi ya 13, yenye aya sita tu. Katika mbili za kwanza mwimbaji anauliza mara nne mateso yake yataendelea hadi lini, na anayemuuliza ni Mungu. Katika mbili zinazofuata anaomba ajibiwe, naye anatoa sababu: nikifa, adui atashangilia. Mbili za mwisho ni tumaini na ahadi ya kuimba. Malalamiko, ombi, tumaini: hiyo ndiyo mifupa ya maombolezo ya mtu mmoja, na ukishaijua utaiona katika zaburi kadhaa. Kisha soma ya 88. Malalamiko yapo, ombi lipo, tumaini halionekani, inaishia gizani. Bila kujua mifupa ya kawaida, huwezi kuona jinsi mtunzi wa 88 alivyothubutu.

Hapo linajitokeza jambo ambalo nyimbo zetu za kanisani zinaficha. Maombolezo ndiyo aina yenye zaburi nyingi kuliko nyingine zote katika kitabu ambacho Waebrania wenyewe hukiita cha sifa. Waliokipanga hawakuona mgongano hapo.

Kwa Afrika ya leo kuna Africa Bible Commentary ya mwaka 2006, iliyoandikwa na wasomi 70 wa bara hili chini ya uhariri wa Tokunboh Adeyemo. Mnigeria David Tuesday Adamo naye amechunguza jinsi makanisa huru ya Kiafrika yanavyotumia zaburi kwa ulinzi, uponyaji na mafanikio. Wapo watakaocheka kusikia zaburi zikisomwa juu ya maji au mafuta, lakini makanisa hayo yanazichukulia kuwa maneno yanayotenda kazi, na zaburi za kuwaita maadui mbele ya Mungu, kama ya 35 na ya 109, zinasomwa huko zaidi kuliko katika makanisa makubwa.

Kuziimba

Katika kuimba ndiko nyenzo zinakotofautiana zaidi, na ndiko Kiswahili kina la kusema.

Njia ya kwanza ni tuni za beti. Kanisa la Geneva la wakati wa Calvin lilikamilisha mwaka 1562 kitabu cha zaburi zote 150 katika beti za Kifaransa, kazi ya Clément Marot na Théodore de Bèze, zikiwa na tuni zaidi ya 120. Waskoti walifuata na chao cha 1650, na Waingereza wa Massachusetts walichapa chao mwaka 1640, kitabu cha kwanza kuchapwa katika makoloni ya Waingereza ya Amerika Kaskazini. Mwaka 1719 Isaac Watts akaenda mbali zaidi: alizifanya zaburi zizungumze Kikristo, akaacha baadhi, na penye Israeli mahali pengine akaweka Uingereza. Tangu hapo tenzi zilianza kuzisukuma zaburi pembeni, na huo ndio urithi uliotufikia. Katika Tenzi za Rohoni sehemu kubwa ni tungo za Waingereza na Wamarekani, na zaburi yenyewe ni ya kutafutwa.

Tuni hizo zina kasoro moja kwa lugha yetu. Ubeti wa Kiingereza uliopendwa zaidi kwa zaburi una mistari ya silabi 8 na 6, na kila mstari unaishia kwenye silabi yenye mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kukosa. Matokeo yake tunaimba "bwaNA" na "reheMA", tuni ikishinda neno. Tumeshazoea, lakini mazoea hayaliponyi sikio.

Njia ya pili ni ile ya watawa. Kanuni ya Benedikto, ya karne ya 6, ilitaka zaburi zote 150 ziimbwe kila juma. Wabenedikto wa Peramiho na Hanga mkoani Ruvuma, na wa Ndanda mkoani Mtwara, wana zaburi katika ratiba yao ya kila siku, na Kiswahili kinaingia vizuri katika mtindo huo. Noti moja inabeba silabi nyingi kadiri mstari unavyotaka, kisha sauti inashuka au kupanda mwishoni. Neno kama "atakayeniokoa" lina silabi nane, linajaza kipande kizima cha utenzi, na tuni ya beti hulikata au kulibana. Katika zaburi ya mtindo wa watawa linapita kwa urahisi. Isitoshe, miishio hiyo ilitengenezwa kwa Kilatini, ambacho mara nyingi nacho huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo wimbo na neno vinakutana. Kasoro yake ni kwamba haichezeki, na usharika ulioizoea ngoma utaiona kavu.

Njia ya tatu ni kiitikizano. Baada ya mageuzi ya liturujia ya Kikatoliki ya mwaka 1969, zaburi ilirudi katikati ya masomo ya misa: waamini wote wanaimba kiitikizano, mwimbaji mmoja anaimba beti. Hili halihitaji kufundishwa kwa Mwafrika aliyekulia kwenye nyimbo za kuongoza na kuitikia. Zaburi ya 136 yenyewe iliundwa hivyo, aya 26, na nusu ya pili ya kila aya ni maneno yale yale. Watunzi wa Tanzania na Kenya wametunga viitikizano vingi, na tovuti ya Swahili Music Notes imekusanya nota za maelfu ya nyimbo za kwaya za Kikatoliki, kwa hiyo mwalimu wa kwaya wa kijijini mwenye simu hana sababu ya kukosa. Kasoro yake ni mbili. Kwaya nyingine huondoa zaburi na kuweka wimbo wowote mzuri, jambo ambalo maelekezo ya misale yanalikataza. Na zaburi yenyewe huwa imekatwa: aya nne au tano tu, zilizochaguliwa ziendane na somo.

Padre Stephen Mbunga wa Tanzania aliandika mwaka 1963 kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, akitetea nafasi ya muziki wetu katika ibada. Hoja yake imeshinda katika sifa na shangwe, lakini katika maombolezo bado. Makabila yetu yana nyimbo za msiba zenye ufundi mkubwa, ila ni nadra kusikia zikibeba Zaburi ya 13 au ya 88.

Njia ya nne ni ushairi wa Kiswahili wenyewe. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyezaliwa 1917 na kufariki 1969, ambaye wengi humkumbuka kwa ngonjera, alitunga Utenzi wa Enjili Takatifu na pia Utenzi wa Zaburi. Utenzi wenye vipande vinne vya mizani nane humwezesha asiye na kitabu kukariri, na unaingia kwenye mahadhi yoyote ya utenzi yanayojulikana. Gharama yake ni vina: mtunzi hulazimika kuongeza neno ambalo zaburi haikulisema, au kuacha ililolisema. Hata hivyo hakuna njia iliyo yetu kuliko hii, na inasikitisha kwamba baada ya Mnyampala makanisa hayakuifanya kuwa kazi yao.

Vipande vilivyokatwa

Wimbo wa The Melodians wa Jamaika wa mwaka 1970, ambao Boney M waliueneza dunia nzima mwaka 1978, umetoka Zaburi ya 137, pamoja na aya moja ya ya 19. Wengi Afrika Mashariki wameucheza harusini. Wimbo ule unaacha mwisho wa zaburi, ambapo wahamishwa wanatamani watoto wa Babeli wapondwe mwambani. Kanisa Katoliki nalo linafanya vivyo hivyo: Dominika ya nne ya Kwaresima, mwaka B, husomwa aya sita kati ya tisa. Katika sala za vipindi zilizotolewa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, zaburi za 58, 83 na 109 ziliondolewa kabisa, na ya 139 ilipunguziwa aya za kuwachukia waovu.

Sababu za kukata zinaeleweka. Hakuna padre anayetaka kueleza mtoto kupondwa mwambani katika dakika kumi za mahubiri. Lakini aliyechomewa nyumba na ndugu yake kuuawa anajua ile hasira iko wapi moyoni, na zaburi ya namna hiyo inamwonyesha mahali pa kuipeleka. Mwimbaji wa 109 hachukui panga. Anapeleka kesi yake kwa hakimu. Kuificha hasira hiyo ibadani hakuiondoi mtaani.

Simu imeongeza ukataji. Programu kama YouVersion inatoa Biblia nzima ya Kiswahili bure, na hilo ni jema kubwa. Lakini aya ya siku inayotumwa kwenye kundi la WhatsApp huwa ni ya faraja, imeng'olewa kutoka zaburi ambayo mstari uliotangulia ulikuwa kilio. Sauti iliyorekodiwa inasaidia zaidi, kwa sababu msikilizaji hawezi kuruka kirahisi asiyoyapenda, na zaburi tangu mwanzo zilitungwa kwa ajili ya sikio.

Hukumu

Katika nyenzo zote, iliyo bora kwa mtu mmoja ni ya bei ndogo: kitabu cha sala cha Kianglikana kilichogawa zaburi zote 150 kwa siku 30, asubuhi na jioni. Asiye Mwanglikana anaweza kujigawia tano kwa siku na kupata matokeo yale yale. Asome kwa sauti, asiruke ya 58 wala ya 109, na awe na Union mkono mmoja na Habari Njema mkono mwingine. Ufafanuzi uje baada ya mwezi wa kwanza. Aanze na barua ya Atanasi, kisha kitabu chochote kinachomwambia zaburi aliyonayo ni ya aina gani.

Kwa usharika, hukumu ni tofauti. Kiitikizano ndicho kinachofaa kuliko vyote, kwa sharti kwamba zaburi isibadilishwe na beti zisikatwe zaidi ya ilivyo lazima. Na kwa watunzi wetu, kazi imebaki pale ilipoachwa: tuna haleluya za kutosha. Tungeni maombolezo. Anzeni na ya 13, yenye aya sita, kwa mahadhi ya msiba wa kwenu, na kwaya iiimbe siku ya mazishi, si ya 23 peke yake.